Dripu haikunizalia, nilizaa mwenyewe

UCHUNGU wa mwana aujuaye ni mzazi, walisema wahenga. Lakini wahenga hao, msomaji mpenzi, hawakutuambia la kufanya iwapo uchungu wenyewe umekataa kuja. Je, mwanamke aliyetimiza miezi yake tisa na kupitisha siku kumi zaidi, kisha akalazwa hospitalini na kutiwa dawa ili uchungu uanze, huyo amezaa au amezalishwa?

Huenda ukaliona swali hilo la kipuuzi. Mimi niliulizwa mara tatu katika wiki ya kwanza ya uzazi wangu, nikiwa na kitoto changu mapajani, na walioniuliza walikuwa wanawake wenzangu, tena waliokuja kunitazama kwa mapenzi, na uji mkononi. Mmoja alinipa pole kana kwamba nimeibiwa kitu. "Basi hukuuonja utungu wenyewe," alisema, akitumia neno letu la Kimvita. "Wako ulikuwa wa dripu."

Leo nataka nikueleze huo utungu wa dripu ulivyo, kwa sababu kina mama wengi wa huku Likoni, Kisauni na Changamwe huingia wodini bila ya kujua linalowangoja. Na wapo wanaolikwepa kwa hofu tu, jambo ambalo laweza kumgharimu mtoto maisha yake.

Siku zilipopita

Ulikuwa mwaka 2019. Nilikuwa na umri wa miaka 30 na hiyo ndiyo mimba yangu ya kwanza. Mimi na mume wangu tulikuwa tukikaa Likoni, mwendo mfupi tu kutoka kwenye feri. Tarehe niliyoandikiwa kliniki ilifika, ikapita. Kila asubuhi jirani yangu akichungulia dirishani: "Bado?" Nami humjibu, "Bado." Ikafika mahali hata muuza mahamri wa pale kona akaniuliza kama mtoto ameamua kuhamia huko huko.

Hesabu ya siku za mimba si ngumu. Huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, zikahesabiwa siku 280, yaani wiki 40. Lakini tarehe hiyo si ahadi. Katika kila watoto 100, ni kama watano tu wanaozaliwa siku ile ile hasa. Wengine hutangulia, wengine hufuatia kwa siku chache, na hilo halina ubaya wowote.

Wasiwasi huanza mimba inapovuka wiki 41 na kuelekea 42. Kondo la nyuma, ambalo ndilo linalompelekea mtoto chakula na hewa, huanza kuchoka. Maji anamoogelea mtoto huweza kupungua. Mtoto mwenyewe aweza kupata choo humo humo tumboni na kuyavuta machafu hayo hadi mapafuni. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2011, lilipendekeza kwamba mwanamke ambaye imejulikana kwa hakika kuwa ametimiza wiki 41 aanzishiwe uchungu.

Tafadhali lishike neno hilo "kwa hakika", maana ndilo lenye uzito. Mwanamke asiyezijua siku zake aweza kuanzishiwa uchungu kabla mtoto hajakomaa, au akaachwa hadi muda umpite. Basi kliniki isingoje tumbo lionekane. Anayekwenda mapema, akaandikwa siku ya hedhi yake ya mwisho na akapigwa picha katika miezi mitatu ya kwanza, huwa na tarehe ya kutegemewa. Kitabu changu cha kliniki kilikuwa na picha ya wiki ya kumi, nacho kilinisaidia kuliko maneno yote ya majirani.

Wala si kupitisha siku peke yake kunakomfikisha mtu huko. Yuko anayeanzishiwa kwa sababu damu imepanda na inahofiwa kifafa cha mimba. Yuko mwenye ugonjwa wa sukari. Yuko ambaye chupa yake ya maji imepasuka na uchungu usifuate, ikahofiwa kwamba maradhi yatamwingia yeye na mtoto.

Chupa ya mavyaa

Siku ya tisa baada ya tarehe yangu kupita, mavyaa alikuja kutoka Kisauni akiwa na chupa ya dawa ya mizizi. Ni mwanamke mwema, na mimi nampenda. Watoto wake sita wote aliwazaa nyumbani.

"Mwanangu, kunywa hii," aliniambia. "Usiku huu huu utaona. Ukienda kule watakudunga, na mwisho wake wakupasue."

Mama yangu mzazi alikuwapo pia. Alimwambia kwa upole, "Mwenzangu, wewe na mimi tulizaa bila ya mtu kutuhesabia siku. Huyu amehesabiwa. Na tunda lililoiva likikaa mno mtini, huoza."

Mimi nilisema tu, "Nimekusikia, mama. Nakushukuru," nikaipokea chupa kwa mikono miwili na kuiweka juu ya kabati. Sikuifungua. Mkunga wa kliniki alikuwa ameshanieleza sababu yake. Baadhi ya mizizi hiyo kweli hubana tumbo la uzazi, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa hakuna ajuaye imebana kwa kipimo gani. Ikikutana na dawa ya hospitali, nguvu mbili huwa zimefungwa mahali pamoja. Mtoto hukosa hewa kwa sababu tumbo halipumziki, na hata mfuko wa uzazi wenyewe waweza kuchanika.

Wala tusidhani kwamba hilo ni la bibi zetu peke yao. Ulaya nako wakunga walikuwa wakiwapa wazazi kuvu iotayo kwenye nafaka ya rai ili kuharakisha uzazi, na katika karne ya 19 madaktari wakaipiga vita kuitumia kabla ya mtoto kutoka, baada ya kuona watoto wakifa na matumbo yakipasuka. Dawa isiyo na kipimo haina kabila.

Kwa mkazi wa Likoni, uchungu wa kuanzishwa una jema moja ambalo huwezi kulisoma katika vitabu vya madaktari: siku yake unaijua. Barabara ya Dongo Kundu ilikuja kufunguliwa mwaka 2024. Wakati ule wangu, mtu wa Likoni hakuwa na njia ya karibu ya kufika kisiwani ila feri, na kushikwa na uchungu usiku wa manane ni kumwomba Mola feri iwe upande wako. Mimi nilivuka saa nne asubuhi, jua limetoka, nikiwa na mume wangu, dada yangu mkubwa, na mkoba wenye leso tatu, nguo za mtoto na kile kitabu cha kliniki. Kijana mmoja alinipisha nikaketi. Ama kweli, nilijiona kama msafiri wa kawaida.

Usiku wa puto

Hospitali niliyolazwa iko ng'ambo ya feri. Jina lake nitaliacha, maana nina jema lake na nina baya lake.

Jambo la kwanza walilofanya ni kuupima mlango wa uzazi. Wakunga wana mfano wao wa tangu zamani. Mlango ambao hauko tayari, ukiugusa, ni mgumu kama ncha ya pua. Ulio tayari ni laini kama mdomo. Wangu, aliniambia daktari kijana, ulikuwa pua tupu.

Mlango wa namna hiyo haufunguliwi kwa dripu moja kwa moja. Kwanza hulainishwa. Wengine hupewa tembe za misoprostoli, kidogo kidogo, kila baada ya saa kadhaa. Mimi nilitiwa mpira mwembamba wenye puto nchani. Puto hujazwa maji likiwa ndani, likakaa pale likiusukuma mlango polepole. Ilikuwa saa tisa alasiri. Hakuna aliyeniambia kwamba nitakaa nalo usiku kucha, nami nilidhani kufikia magharibi nitakuwa nimeshapakata mtoto.

La hasha! Nakwambia wewe usomaye haya ili usije ukavunjika moyo kama nilivyokaribia kuvunjika: mimba ya kwanza ikianzishiwa uchungu, kazi hiyo huweza kuchukua siku nzima, na wakati mwingine siku mbili au zaidi. Kukawia si dalili kwamba mwili wako umeharibika. Usiku ule tumbo lilikuwa likinikata kama siku za hedhi, likiacha, likirudi. Mwanamke wa kitanda cha pili aliingia, akazaa, akaondoka na mtoto wake, na mimi bado niko na puto langu. Saa kumi na moja alfajiri nilikwenda msalani na puto likaanguka lenyewe. Hiyo ilikuwa habari njema: njia ilikuwa imefunguka kiasi cha sentimita nne.

"Mtoto au maswali?"

Saa tatu asubuhi daktari aliipasua chupa kwa kifaa kinachofanana na sindano ya kufumia. Maji yaliyotoka hayakuwa meupe. Yalikuwa na rangi ya kijani hafifu. Nilimwona akitazamana na nesi, wasiniambie neno.

Mara akaja nesi mwingine akiwa na mfuko wa dripu, akanishika mkono na kuanza kutafuta mshipa. Nikamwuliza, "Sista, hiyo ni nini? Na yale maji yana maana gani?"

Alinijibu bila ya kuniangalia usoni: "Mama, unataka mtoto au unataka maswali?"

Msomaji, mimi kazi yangu ni kuuliza. Ndiyo inayonipa riziki. Lakini ulimi wangu ulikuwa mzito pale kitandani, na machozi yalinitoka. Dada yangu, aliyeruhusiwa kukaa nami mchana ilhali mume wangu aliambiwa angoje langoni, alinifuta kwa leso, akamwambia yule nesi, "Sista, anataka vyote viwili."

Nesi hakujibu. Aliitundika dripu, akaenda zake. Lakini mkunga mmoja mtu mzima, aliyekuwa akimhudumia mzazi kitanda cha tatu, aliyasikia yote. Alipomaliza alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda changu.

"Mwanangu," alisema, "nisikilize. Mtoto amepata choo ndani, ndiyo maana maji yamebadilika. Kwa mimba iliyopitisha siku, hilo hutokea. Tutamsikiliza moyo kila robo saa. Ukiwa kati ya mapigo 110 na 160 kwa dakika, yuko salama. Hii dripu ni dawa ya kuleta uchungu. Tunaanza na matone machache, kila nusu saa tunaongeza, hadi upate uchungu mara tatu au nne katika dakika kumi. Ikizidi hapo tunapunguza. Mtoto akichoka, tunaifunga, na ikibidi tunakupeleka upasuaji. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Hata dakika mbili hakumaliza, msomaji, na dakika hizo zilinitia nguvu ambazo sikuzipata penginepo siku ile. Tangu hapo, kila alipokuja na ile koni yake, akaiweka tumboni na kutega sikio, mimi na dada yangu tulinyamaza kimya tukimsubiri aseme hesabu. 140. 136. 144. Sijawahi kuzipenda namba namna ile.

Tena uchungu wenyewe! Wanaosema kuwa uchungu wa dripu ni nusu ya uchungu waje tuzungumze. Uchungu ujao wenyewe aghalabu hubisha hodi kwanza. Huja kidogo, ukaondoka, ukakupa muda wa kuzoea. Huu wa dawa hupanda upesi, na ukishapanda mapumziko ni mafupi. Nilisimama nikiwa nimeushika mti wa dripu, nikachuchumaa, dada akinisugua kiuno. Saa kumi jioni moyo wa mtoto ulishuka hadi 104. Mkunga alifunga dripu, akanilaza ubavu wa kushoto, akasikiliza, akasikiliza tena. Dada yangu aliacha kunisugua. Hatimaye mkunga akasema, "128," kisha akafungua matone upya, machache kuliko mwanzo.

Mwanangu alizaliwa saa tatu na robo usiku, saa 30 na ushei baada ya puto. Alikuwa msichana, kilo 3.6, ngozi ya mikono na nyayo ikibambuka na makucha marefu, alama za mtoto aliyekawia. Hakulia papo hapo. Walimkausha kwa kitambaa, wakamsugua mgongo, na mimi nikahesabu pumzi zangu mwenyewe kwa kuwa zake sikuzisikia. Kisha akapiga ukelele uliofika, bila shaka, hadi kule langoni alikokuwa baba yake.

Dawa ni ya nani?

Sasa nirudi kwa wale wanaouliza kama nilizaa au nilizalishwa.

Dawa iliyomo katika dripu huitwa oksitosini. Haikuanzia kiwandani. Ni kitu ambacho mwili wa kila mwanamke hukitengeneza, kikatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Mwingereza Henry Dale alionyesha mwaka 1906 kwamba maji ya tezi hiyo hulibana tumbo la uzazi. Mmarekani Vincent du Vigneaud akaitengeneza dawa yenyewe maabarani mwaka 1953, na mwaka 1955 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Mtoto anyonyapo ziwa, dawa hiyo hiyo hutoka mwilini mwa mama; ndiyo sababu mzazi husikia tumbo likimkata anaponyonyesha siku za kwanza.

Na sisi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika habari hii. Mwaka 1968, huko Makerere, Kampala, Sultan Karim na wenzake walichapisha habari za wanawake walioanzishiwa uchungu kwa prostaglandini, jamii ya dawa ambamo leo hii imo ile misoprostoli. Wanawake wa Uganda walikuwa miongoni mwa wa mwanzo duniani kuitumia njia hiyo. Basi asikudanganye mtu kwamba hili ni jambo la kizungu.

Tena lipo ambalo wengi hawalijui. WHO inapendekeza kila mwanamke, hata yule aliyeshikwa na uchungu peke yake akiwa jikoni kwake, adungwe sindano ya oksitosini mtoto anapotoka, ili asivuje damu. Kwa hiyo jirani yangu aliyenipa pole kwa dripu, kama alizaa hospitalini, huenda naye alidungwa dawa iyo hiyo.

Na ile hofu ya mavyaa, kwamba mwisho wake ni kupasuliwa? Wataalamu walipozikusanya pamoja tafiti nyingi kuhusu mimba zilizopitisha siku, waliona kwamba kuanzishiwa uchungu baada ya muda kutimia hupunguza vifo vya watoto, wala hakuongezi upasuaji. Wapo wanaopasuliwa, naam, na hao nao wamezaa.

Uliza, mwenzangu

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya afya bora, ikiwamo ya uzazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inataka mgonjwa aelezwe anachofanyiwa na akubali. Kwa hiyo anayeuliza si mkorofi, wala hamzuii mtu kufanya kazi yake.

Ukiambiwa utaanzishiwa uchungu, uliza haya. Kwa nini mimi? Mimba yangu ina wiki ngapi, na mmejuaje? Mtaanza na dawa gani? Nani atausikiliza moyo wa mtoto, na kila baada ya muda gani? Nisipofunguka, mtafanya nini? Na kama umekunywa dawa yoyote ya mizizi, sema bila ya aibu, hata kama mama mkwe amesimama hapo. Wanaokuhudumia wanahitaji kulijua hilo kuliko wanavyohitaji kujua jina lako.

Mimi nilizaa chini ya mpango wa Linda Mama, sikutozwa kitu. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, basi jiandikishe mapema, usingoje tumbo liwe kubwa.

Nanyi kina baba, msiende wodini na swali la "mbona anakawia". Pelekeni chai na mkate, na mtu wa kumsugua mgongo. Nanyi mama wakwe, mwachieni mkaza mwana wenu mlango wazi wa kwenda kliniki. Mavyaa wangu alipompakata mjukuu wake siku ya pili, alimgeuza mikono, akayatazama yale makucha marefu na ile ngozi iliyobambuka. Akaniangalia. "Kweli huyu alikawia," alisema. Kisha akaniuliza nimekula nini, akaenda jikoni kunipikia supu.